Honi Niliyoifungua kwa Mkono Wangu

Kisondela, Tukuyu

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini sikutosheka na moja.

Mguu unaendeleaje? Ule uvimbe wa kifundo umepungua, au bado unaupaka mafuta ya kondoo na kuwagombeza wanaokuambia uende zahanati? Na alizeti je, mmeshapura? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mjukuu wako Tusekile ana kikohozi cha hapa na pale lakini anakula, na mdomo umefunguka, anaongea Kinyakyusa kunishinda mimi mama yake. Mvua ndiyo hiyo hiyo. Ninyi huko mnaomba inyeshe, sisi tunaomba ipumzike tuanike nguo. Nikikumbuka upepo mkavu wa Singida natamani hata vumbi lake.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako inakaa kwa mama wa dukani, na yule akipokea anaweka spika, duka zima linasikia. Habari hii si ya duka. Nimempa mwalimu anayekuja huko likizo, na bahasha nimeibandika gundi pande zote. Tafadhali soma mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, hata kama miwani imevunjika tena. Azima ya mtu.

Shangazi, nimeaibika. Nimeaibika ugenini, kwa wakwe, na chanzo ni huu ufundi wangu wa pikipiki. Wewe ulinionya nilipokwenda chuo Mbeya, ukauliza, mwanamke na spana wanakutana wapi? Nikakujibu kwa jeuri kwamba spana haijui nani kavaa sketi. Leo ningelipa chochote nikusikie ukinigombeza.

Unakumbuka siku ya harusi, wale akina mama walivyokuvuta pembeni kukueleza habari ya mkwe na baba mkwe, ukarudi umeshika mdomo? Tulidhani ni maneno ya sherehe. Si maneno ya sherehe. Huku mke hakutani na baba wa mumewe. Simtaji jina lake na yeye halitaji langu. Siketi alipo. Tukipishana njiani, mimi naingia migombani, nageuza mgongo, najifunika khanga mpaka apite. Chakula chake napika mimi, anampelekea mama mkwe. Mjini Tukuyu wengi wameacha, na mchungaji aliwahi kusema kanisani kwamba hayo ni ya kale. Mzee wetu akamwitikia amina kwa sauti, akarudi nyumbani akayashika vilevile.

Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Baadaye nikazoea, na baadaye tena, niseme kweli, nikapenda. Maana si mimi tu ninayemkwepa, na yeye ananikwepa, tena kwa adabu kubwa. Nyumba yake iko juu, yetu iko chini, katikati ni mteremko wenye kona moja. Akitaka kuja kumwona mjukuu hupanda pikipiki yake, kwa kuwa goti halimruhusu kushuka kwa miguu. Anazima injini, anaweka gia huru, anaiacha iteremke yenyewe kimya kimya. Wazee wa huku ndivyo wanavyoshuka milima, mafuta wanayatunzia kupanda. Akifika kwenye kona anapiga honi mara mbili. Hiyo ndiyo hodi yake. Mimi naingia jikoni, naubamiza mlango kidogo ili asikie, ndipo anamalizia kushuka. Tangu niolewe hajawahi kunikuta uani hata siku moja.

Sasa sikia ya hiyo pikipiki. Vijana wa Tukuyu na wenzao wa Nkunga wamejitengenezea uwanja wa mbio kwenye shamba la chai lililotelekezwa. Wamelima njia ya kuzunguka, wameweka matuta na kona, na wanashindana huko, anayeshinda anapewa dume la ng'ombe. Lusajo mume wangu akapandwa na mzuka. Akaniambia, "Mke wangu, wewe si fundi bwana? Wale masela wanaenda na pikipiki za barabarani, wamebandua taa tu wanajiona. Tukiifunga ya mzee kisawasawa, lile dume letu." Nikamwambia ya mzee ni ya mzee. Akasema, "Oya, ni mbio moja tu. Tukimaliza unairudishia kila kitu, hata hatajua."

Mtu mwenye akili angekataa hapo. Lakini pale gereji, Shangazi, wanaume wananipa kuziba pancha na kuosha kabureta, kazi ya injini wanafanya wao. Nilitaka waone. Kiherehere changu unakijua tangu nikiwa mdogo. Nikasema lete.

Nikashinda nayo siku nzima, wao wanakuja kuchungulia mmoja mmoja. Pikipiki ya mbio haitaki kitu kisichoisaidia kukimbia. Nikatoa taa ya mbele na ya nyuma, indiketa, vioo, pleti namba, keria, stendi, na kiti kirefu nikaweka kifupi cha mtu mmoja. Nikafunga tairi za kashata zinazong'ata matope. Sproketi ya nyuma nikaweka kubwa zaidi ili ichomoke haraka kwenye kona. Vikanyagio nikavisogeza nyuma na kuvipandisha, na pedali ya breki nikaihamisha pamoja navyo, kwa sababu anayekimbia mbio anakaa ameinama na miguu iko nyuma. Betri nikaitoa, inawaka kwa kiki, betri ni mzigo bure. Halafu honi. Niliifungua kwa spana namba kumi, nikaikung'uta matope nikaitupia kwenye kopo la boliti. Nikasema kwa nguvu ili wenzangu wasikie, "Uwanjani anapigiwa honi nani?" Wakacheka. Bosi akasema, "Eliwaza, wewe noma." Kichwa kikanivimba, nikarudi nyumbani natembea kama mke wa waziri.

Hapo ndipo ninapojichukia. Honi ile naisikia kila wiki, naijua kuliko sauti ya kengele ya kanisa, nimeishika mkononi na sikufikiri kitu chochote.

Jioni Lusajo akairudisha stoo kwa baba yake, inakolala siku zote, akaifunika gunia. Hakumwambia mzee. Mimi nilidhani atamwambia. Yeye alidhani hakuna haja, kwa kuwa mzee alikuwa hana safari mpaka siku ya kupima chai.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Lusajo alitoka kwenda Tukuyu kuazima helmeti. Huko juu mzee akaambiwa mjukuu amekohoa, akachukua kopo la maziwa, akaenda stoo. Alipoondoa gunia akaona pikipiki imevuliwa vile, akadhani kijana wake anataka kuiosha. Akapanda, akaiachia.

Mimi saa hiyo niko bombani uani. Mtoto amelala ndani, majirani wote wako mashambani, grisi ya jana imenikaa mpaka kwenye nywele. Nikasema wacha nijisugue hapa hapa. Khanga nimeifunga kiunoni. Kiunoni, Shangazi. Juu sina kitu, na sabuni imejaa machoni. Nikasikia tairi kwenye matope nyuma yangu. Honi sikusikia, kwa hiyo si mzee, na kama si mzee basi ni Lusajo kaipitia stoo anaijaribu. Sikugeuka hata. Nikasema, kwa ile sauti ambayo mwanamke humsemea mumewe tu, "Umerudi, mpenzi? Njoo unisugue mgongo, peke yangu sifiki."

Mwee! Ndivyo wanavyolia huku na mimi sina kilio kingine. Maneno hayo hakuna mtu mwingine niliyemwambia, hata Lusajo.

Nikasikia kishindo.

Yaliyompata nimeyaunga baadaye, mengine kwa pikipiki yenyewe, mengine kwa mama mkwe aliyemsikia akiita. Mzee alipofika kwenye kona alibonyeza pale honi ilipokuwa, kidole kikakuta chuma kitupu. Akatafuta breki kwa mguu, maana mkono wa breki ulikuwa umeshika kopo la maziwa, mguu ukakanyaga hewa, kwa sababu mimi niliihamisha. Akakohoa. Akaita, "Tuse! Tuse!" jina la mtoto, maana langu hawezi kuliita hata anakufa, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati na mimi nina mapovu masikioni. Alipouona mgongo wangu akakata usukani akajitupa kwenye mfereji wa mawe kandokando ya migomba. Angeweza kunipita na kusimama kule kwenye tambarare. Hakutaka kunipita.

Nilifuta macho nikamwona yuko chini, pikipiki juu yake, mkono mmoja umebanwa, na maji ya mvua yanashuka mferejini yanampiga usoni. Akasema, "Nenda! Ita watu!" Yaani mtu anazama na bado ananifukuza kwa adabu. Nikakimbia kidogo, nikasimama. Niite nani? Maji yalikuwa yameshamfika mdomoni. Nikarudi. Niliingia mferejini vilevile nilivyokuwa, nikaishika pikipiki nikaitupa pembeni. Ilikuwa nyepesi kweli, kazi yangu niliifanya vizuri. Kisha nikamshika mabega nikamvuta. Nimemgusa, Shangazi, baba mkwe wangu, kwa mikono hii. Yeye anasema, "Leka, leka," yaani acha, na mimi navuta huku nalia mpaka nikamtoa.

Mama mkwe alikuwa kwenye chai, akasikia kishindo, akaja mbio na wanawake wengine wawili. Walitukuta hivyo. Mama mkwe akatupa kapu, akavua khanga yake begani, akanifunika mimi kwanza. Ndipo akamgeukia mumewe.

Mzee alivunjika mtulinga. Wamemfunga mkono na dokta anasema utaunga, ila umri nao una lake. Watu walipokuja kumpa pole akawaambia wote neno moja, kwamba mvua ilimwingia machoni, hakuona kitu, ameanguka kwa uzee wake. Hakutaja honi wala breki. Yale maneno yangu hakuyataja hata kwa mkewe, kwa sababu mama mkwe ni mtu wa utani na angekuwa ameshanitania. Lusajo alikwenda kumpigia magoti, akasema ni yeye aliyeiharibu pikipiki kwa ajili ya mbio. Mzee akamjibu, "Ni chuma tu hicho. Nenda kamwage majani kwa ng'ombe." Mkono uliofungua honi hakuulizia. Labda hajui. Labda anajua na ananyamaza, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Tangu siku hiyo sina uso. Nilikwenda gereji mara moja tu, nikarudishia kila kitu mahali pake, taa, vioo, betri, na honi nikaijaribu nikaanza kulia mbele ya wanaume wote, hakuna aliyecheka. Kazini sijarudi. Kanisani siendi, maana mzee anakaa benchi la mbele na wazee wenzake. Nikifika sokoni wanawake wanakatiza maneno yao, wanaanza kuulizia bei ya parachichi. Naogea jikoni mlango umefungwa na kiti nyuma yake. Mama mkwe ananiambia, "Mwe mwanangu, utaoga na masufulia mpaka lini?" Nacheka, halafu nalia. Mbio zilifanyika bila sisi, na Lusajo halitaji tena lile dume.

Nikafunga begi. Nilijua watanirudisha Singida, nikaona heri waniambie mapema. Juzi mama mkwe akaja, akaketi, akaona begi, akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda. Akasema, "Mzee anataka akufungue."

Nieleze. Katika ukoo huu baba mkwe akitaka anaweza kuikata ile miiko. Anaita watu wa pande zote mbili, anampa mkwe wake mtamba, na kuanzia hapo mkwe anaweza kumwamkia, kumpelekea chakula, kukaa naye chumba kimoja kama binti wa kumzaa. Hufanyiwa mwanamke aliyekaa sana, aliyezaa wengi, ambaye nywele zimeanza mvi. Mimi nimezaa mmoja. Nikauliza, kwa nini mimi? Mama mkwe akasema, "Anasema mtu aliyemtoa majini hawezi tena kumkimbilia migombani. Anaona ni upuusi." Akacheka vile mumewe anavyoitamka hiyo "upuusi", kisha akafuta macho kwa khanga.

Shangazi, hasira ningeiweza. Wangenifukuza ningebeba begi langu nikaja kukupuria alizeti nikiwa nimeinamisha kichwa. Hili la kushukuriwa siliwezi. Mtu nimemchimbia shimo, ametumbukia, nimemtoa, sasa ananipa ng'ombe kwa kumtoa. Nikamwambia Lusajo kwamba siku hiyo nitasimama niseme mbele ya watu kuwa honi niliifungua mimi na breki niliihamisha mimi. Lusajo akaja juu. "Usijaribu! Mzee ameshawaambia watu wote ni mvua. Wewe ukisema ni breki unamfanya mwongo mbele ya ukoo mzima, na mkono kafungwa." Na hapo ana haki. Nikinyamaza nakula ng'ombe wa uongo, nikisema namvua nguo mzee aliyenisitiri.

Ndiyo maana nakuita. Wanataka mtu wa kwetu asimame nami, na mimi mtu wangu ni wewe, uliyenifunda na kunikabidhi. Mguu ukisumbua ndani ya basi, kaa kiti cha mbele, Lusajo atakupokea Mbeya. Siku yenyewe mwalimu atakutajia, lakini nakuomba uje siku moja kabla. Wewe unaweza kukaa na mzee mkaongea, huna miiko naye. Uende kwake peke yako, uwe mdomo wangu. Mwambie fundi alikuwa mimi. Usiipambe, usiseme ni utoto, usiseme Lusajo alinishawishi. Mwambie nilitaka wanaume wa gereji wanisifu, na wakanisifu. Akisikia hayo na bado akataka kunifungua, nitampokea mtamba wake kwa mikono miwili na nitamtunza yeye mpaka mwisho. Akinyamaza, tutarudi mimi na wewe na begi langu, na sitamlaumu.

Nisalimie mdogo wangu wa mwisho, mwambie aache kuniulizia zawadi. Msalimie bibi mzaa baba, umwambie tu mjukuu wake yuko salama, mengine usimpe, presha yake naijua. Mjomba mchunga mbuzi mwambie nimeona ng'ombe wa huku, wana maziwa kuliko kundi lake lote. Shemeji yako fundi cherehani na watoto wake nawasalimia mmoja mmoja. Lusajo anakuamkia. Mama mkwe anasema ndaga, yaani asante, na anakuwekea ndizi.

Jambo moja la mwisho, hili usimwambie mzee, ulijue wewe tu ili usicheke mahali pabaya. Mama mkwe ananifundisha namna ya kumwamkia siku hiyo, nitakapopiga magoti na kufunua uso. Anasema nijitahidi sauti isitetemeke, kwa kuwa watu wote watakuwa wametega masikio, wanataka kulisikia neno la kwanza ambalo mkwe anamwambia baba mkwe wake. Namwitikia ndiyo mama. Mimi na mzee tu ndio tunaojua kuwa neno la kwanza nilishamwambia.

Ni mimi mwanao uliyenilea na kunionya,
Eliwaza